Moshi wa Mafuta na Afya ya Familia Zetu

(Hii ni mada iliyotolewa na kitengo chetu cha afya katika semina ya kamati za maendeleo za parokia. Tunaichapa hapa kwa ajili ya wajumbe ambao hawakuweza kufika, pamoja na wafadhili wetu.)



Kila tunapopanga bajeti ya zahanati zetu tunatenga fungu kwa ajili ya dawa za kifua, na sehemu kubwa huenda kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kutoa dawa ni wajibu wetu na tutaendelea kutoa. Lakini mtoto akitibiwa kikohozi leo, kisha akarudi jioni kulala katika chumba kilekile chenye moshi, tunateka maji kwa pakacha. Ndiyo maana leo tunaomba tuzungumzie moshi wa mafuta: mafuta ya taa ndani ya nyumba, dizeli na petroli barabarani, jenereta nyuma ya zahanati, na pia gesi.

Habari za kuni na mkaa tumezisikia katika semina nyingi. Moshi wa mafuta umesahaulika kwa sababu mara nyingi hauonekani kwa macho, na kwa sababu tumezoea kuyahesabu mafuta kuwa ni maendeleo.

Moshi huu una nini ndani yake

Mafuta yanapoungua hutoa vitu vingi, ila vitatu ndivyo tunavyopaswa kuvifahamu vizuri.

Cha kwanza ni chembechembe za masizi. Zile zinazotudhuru zaidi ni ndogo kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzishinda mara 30 hivi. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, tukalipiga chafya au kulikohoa. Chembe hizi hupita, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Kwa hiyo madhara yake hayaishii kifuani. Huufikia moyo na mishipa ya damu, zikaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Cha pili ni gesi za naitrojeni zinazotoka katika injini na katika majiko. Hizi huwasha njia ya hewa, na mwenye pumu hubanwa kifua.

Cha tatu ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa mwilini ilhali anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu aliyelala anaweza asiamke.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa wa ndani na wa nje, kutoka vyanzo vyote kwa pamoja, huchangia vifo vya mapema milioni 7 hivi kila mwaka. Mafuta ni sehemu tu ya vyanzo hivyo, lakini ni sehemu inayokua kadiri magari na injini zinavyoongezeka.

Watoto huumia kuliko sisi. Mtoto hupumua hewa nyingi zaidi kulingana na uzito wake, na mapafu yake bado yanajengeka. Hata aliye tumboni hayuko salama, kwani mama anayevuta moshi mwingi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu.

Kibatari mezani

Siku hizi taa za sola zimeenea hadi vijijini, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo bado zipo nyumba zinazowasha kibatari au chemli, na mijini wapo wanaopikia jiko la mchina katika chumba kimoja cha kupanga.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima moshi wa taa za utambi. Ulikuta kwamba katika kila gramu 100 za mafuta ya taa zinazoungua, gramu 7 hadi 9 hugeuka masizi. Hayo ndiyo masizi yanayopaka dari weusi, na ndiyo yanayomtoka mtoto puani asubuhi baada ya kusoma usiku. Mtoto anayesoma kwa kibatari huinamia mwali, uso wake ukiwa shubiri mbili tu kutoka kwenye utambi. Tunamsifu kwa bidii yake, na huku kila ukurasa anaulipia kwa kifua chake.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ubora wa hewa ya nyumbani, na humo likashauri familia ziachane na mafuta ya taa kwa kupikia na kuwashia taa. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kwamba mafuta ya taa ni hatua ya kutoka kwenye kuni kuelekea usafi.

Lakini ndugu zetu, tusiende majumbani kukataza tu. Mama ananunua mafuta ya taa kwa sababu anaweza kununua kidogo kidogo, ya usiku mmoja, kwa sarafu alizo nazo. Taa ya sola au mtungi wa gesi unadai fedha nyingi kwa mara moja. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Sababu ilikuwa ya haki, lakini aliyekuwa akipikia mafuta ya taa na hakuweza kumudu gesi, kimbilio lake lilikuwa mkaa, na mkaa nao una sumu yake. Anayemzimia jirani kibatari bila kumpa taa nyingine amemwacha gizani.

Barabarani na kwenye jenereta

Mwezi Juni 2012 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa tumbaku. Wanaouvuta kwa wingi ni maskini: mama anayechoma mahindi kituo cha daladala, kijana wa bodaboda, askari wa usalama barabarani, na wanafunzi ambao madarasa yao yanatazamana na barabara kuu.

Magari mengi tunayonunua yalishatumika kwingine. Gari kuukuu lisilofanyiwa matengenezo, au lililong'olewa kifaa cha kusafishia moshi ili kikauzwe, hutoa moshi mwingi kuliko ilivyokusudiwa na aliyelitengeneza. Hayo yanahusu pia magari ya parokia na ya miradi yetu.

Kuhusu jenereta, jambo ni rahisi na la haraka. Jenereta lisiwashwe kamwe ndani ya jengo, wala kwenye varanda, wala chini ya dirisha la wodi. Umeme ukikatika usiku na mvua ikinyesha, kishawishi cha kuliingiza ndani ni kikubwa. Hapo ndipo kaboni monoksaidi huua.

Na gesi je?

Gesi ya mitungi, na gesi asilia kama ile ya Songo Songo ambayo tangu mwaka 2004 imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam, huungua karibu bila masizi. Kwa mapafu ya mama aliye jikoni ni nafuu kubwa kuliko kuni, mkaa au mafuta ya taa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Lakini gesi nayo hutoa gesi za naitrojeni, na isipopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Mwali mzuri ni wa bluu. Ukiona mwali wa njano na sufuria inashika masizi, jiko linahitaji kusafishwa. Dirisha liwe wazi wakati wote wa kupika.

Tulishashinda mara moja

Mtu anaweza kusema mambo haya ni ya wakubwa na kamati ya parokia haina nguvu. Tunamjibu kwa mfano wa petroli ya risasi. Kwa miaka mingi petroli ilichanganywa na madini ya risasi ili injini isigonge. Risasi ikatoka na moshi, ikaingia katika damu ya watoto na kudhuru ubongo wao. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuiondoa. Kufikia mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa katika ukanda wote huo. Nchi ya mwisho duniani kuiacha katika magari ilikuwa Algeria, mwezi Julai 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linakadiria kuwa hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Vivyo hivyo, kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Magari yetu yanatembea kama zamani, na watoto wamepunguziwa sumu.

Tunachowaomba

1. Kila jumuiya ndogo ndogo ihesabu nyumba zinazotumia mafuta ya taa kwa taa au kupikia, na hesabu hiyo ifike kwenye kamati ya parokia kabla ya bajeti ijayo.

2. Vikundi vya VICOBA vitoe mkopo mdogo wa taa ya sola au mtungi wa gesi, urudishwe kidogo kidogo kama mama alivyozoea kununua mafuta. Nyumba zenye watoto wachanga, wajawazito na wagonjwa wa pumu zitangulie.

3. Kila zahanati na shule ikague mahali lilipo jenereta lake. Kulihamisha hakuhitaji mfadhili.

4. Magari yetu yafanyiwe matengenezo kwa wakati, na dereva azime injini anapowasubiri abiria, hasa mbele ya shule, kanisa na zahanati.

Kwenu wafadhili, tunajua taarifa zetu hueleza idadi ya wagonjwa waliotibiwa, na idadi hiyo ikipanda tunaonekana tumefanya kazi. Tunaomba mkubali kuipokea pia taarifa itakayosema kwamba watoto wachache zaidi wamekuja na kikohozi. Fedha iliyonunua taa haitaonekana katika daftari la dawa, ila itakuwa imefanya kazi ileile mapema zaidi, na mtoto hakuumwa.