Picha na Chapa katika Masomo ya Watoto Wetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Otonglo)



Kamati imetutaka sisi walimu tuseme maneno machache juu ya kazi ya kuchora na kupiga chapa katika shule za msingi, na kwa nini twaomba Chama kiitie mkono. Twajua ya kuwa baadhi yenu mmekwisha kuuliza, tena kwa haki, kama mtoto aliyepelekwa shule kwa jasho la mzazi wake amekwenda kusoma au amekwenda kuchezea rangi. Swali hilo halina dharau ndani yake, nasi tutalijibu bila kuzunguka.

Kupiga chapa si jambo geni kwetu. Bibi zetu wafinyanzi, chungu kilipokuwa kingali kibichi, walichukua kamba iliyosokotwa wakaiviringisha juu ya udongo, na alama zikajipanga mstari kwa mstari kuizunguka shingo ya chungu. Hiyo ni chapa. Darasani kazi ni ile ile, ila karatasi imeshika mahali pa udongo. Na ninyi wazee mnaoikumbuka otonglo, ile senti kumi yenye tundu iliyotumika kabla ya fedha ya Kenya kuanza mwaka 1966, jaribuni siku moja kuiweka chini ya karatasi na kuisugua kwa penseli. Itatokea yote, hata maandishi yake, na mjukuu wako atakuuliza maswali mengi kuliko utakavyoweza kuyajibu.

Katika shule za Afrika Mashariki mafunzo haya yana historia ya heshima. Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia habari ya soko, ya arusi, au ya mvua kubwa, kisha akawaacha wachore walivyoiona mioyoni mwao. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza alikuwamo Gregory Maloba, mtu wa huku kwetu magharibi, wa Mumias, ambaye sanamu yake ya Uhuru imesimama Kampala tangu mwaka 1962. Na kijana wa Nyanza, Hezbon Owiti, alijulikana katika miaka ya 1960 kwa picha alizochonga juu ya lino na kuzipiga chapa.

Lakini mfano tuupendao zaidi ni wa Rosemary Karuga. Alisoma sanaa Makerere kuanzia mwaka 1950 hadi 1952, kisha akafundisha shuleni kwa miaka mingi mpaka akastaafu. Hakuwa na fedha za kununua rangi. Alikata vipande vya karatasi za sabuni na za mifuko ya unga, akavibandika kimoja kimoja, na picha hizo zikamfanya ajulikane nje ya nchi. Alifariki mwaka 2021. Twamtaja kwa sababu kila mara tusemapo "hatuna vifaa" tunakumbuka ile mifuko ya unga.

Sasa twaeleza kazi inavyofanywa. Watoto wadogo hawapewi kisu. Wao hupaka rangi majani, au kiazi ambacho mwalimu amekikata, wakakandamiza juu ya karatasi. Walio wakubwa huchonga soli ya kandambili kuukuu, ambazo ufuo wetu unazo tele, au hukata maumbo ya mpira wa ndani wa baiskeli wakayagandisha juu ya kibao. Sheria ni moja: mkono ulioshika kibao hukaa nyuma ya kisu wala si mbele yake. Mashine haihitajiki. Wino hupakwa, karatasi hulazwa juu, na mgongo wa mwiko husugua mpaka picha itoke. Hata wino, ukikosekana, masizi ya chungu yaliyokorogwa katika uji mzito wa muhogo yatafaa, ingawa hayakauki upesi na mashati ya watoto hupata taabu.

Je, kusoma ku wapi? Ku hapo hapo. Chapa hugeuza kila kitu: herufi iliyochongwa ikielekea kulia hutokea ikielekea kushoto. Mtoto aliyekuwa akichanganya b na d, baada ya kuchonga jina lake kinyume na kuliona likitoka sawa, huzijua herufi hizo kwa vidole vyake. Tena yako mahesabu. Karatasi nne zikikunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine hufanya kitabu cha kurasa 16. Ukurasa wa 1 hulala ubavuni pa ukurasa wa 16, wa 2 pa wa 15, wa 3 pa wa 14, na jumla ni 17 kila mara. Akikosea kujumlisha, hadithi yake itaanzia mwisho, na wenzake hawatamwacha asahau.

Jambo kubwa ni vitabu. Vitabu vya Kijaluo vya kuwasomea watoto wa madarasa ya chini ni vichache. Marehemu Asenath Bole Odaga, mwandishi na mwalimu wa huku kwetu, aliliona pengo hili, akaanzisha kazi ya uchapishaji hapa Kisumu katika miaka ya 1980. Kibao kimoja kilichochongwa kinaweza kutoa nakala kwa darasa zima, na mtoto akasoma maneno ya nyumbani kwao yaliyotengenezwa na mwenzake wa darasa la juu.

Wengine mtasema: mtihani je? Sanaa na ufundi zilikuwa katika masomo ya 8-4-4 tangu mwaka 1985, zikatahiniwa. Baadaye zilipoondolewa katika mtihani wa KCPE ziliondoka na katika ratiba ya shule nyingi, kwa maana kisichotahiniwa hakifundishwi. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya ulioanza kuenezwa mwaka 2019 umezirudisha sanaa darasani. Lakini mtaala hauleti karatasi. Karatasi huletwa na mzazi, na mzazi asiye nayo huona aibu, na mtoto wake hukaa akitazama. Hapo ndipo tunapokiomba Chama: kabati moja lenye kufuli, visu vya kuchongea, wino, na karatasi za mwaka mzima, ili mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa ajili ya karatasi.

Mwaka huu tumeanza kitabu cha samaki wa ziwa letu. Wavuvi wa Japani, tangu karne ya 19, humpaka samaki wino na kumlaza karatasi juu yake ili ukubwa wake usibishaniwe. Nasi tulifanya hivyo kwa ngege aliyenunuliwa sokoni, na magamba yakatoka yote. Mbuta, ambaye aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, watoto wanamjua vema, na kamongo pia. Aliyetushinda ni ningu. Alikuwa akipanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zikammaliza karibu wote, hata watoto wengi hawajapata kumwona. Ukurasa wake tumeuacha mtupu. Twawaomba wazee mliowahi kumvua mje shuleni alasiri ya siku yoyote ya kazi, mwakalie watoto na kuwaambia mdomo wake ulikuwaje, na mapezi yake, na rangi yake alipotolewa majini. Kibao kimekwisha kulainishwa, kinangoja.