Usilidharau Pigo la Kichwa

Leo nataka tuzungumzie pigo la kichwa, hasa lile dogo ambalo halikupasua ngozi wala kumfanya mtu azirai.

Tuseme mama yako mzazi ameteleza bafuni na kugonga kichwa ukutani. Ameinuka mwenyewe, mmemkanda kwa maji ya moto, na mambo yameisha. Baada ya wiki tatu anaanza kuburura mguu mmoja. Analala mchana kutwa, na majina ya wajukuu yanamchanganya. Majirani wanasema ni uzee. Wengine, kama ujuavyo, watataja uchawi.

Huenda si uzee hata kidogo. Kadiri tunavyozeeka ubongo husinyaa, na nafasi kati yake na fuvu huongezeka. Vimishipa vya damu vinavyopita hapo huvutika, hivyo hata mtikiso mdogo waweza kuvikata. Damu huvuja polepole, siku baada ya siku, mpaka inaukandamiza ubongo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mlevi wa miaka mingi, yumo hatarini zaidi. Picha ya skani huonyesha damu hiyo, na mara nyingi daktari hutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuiondoa. Wengi waliodhaniwa kuwa wamechanganyikiwa hurudiwa na akili zao. Inasikitisha mzee kuachwa kitandani kwa ugonjwa unaotibika.

Sasa wewe kijana usizime redio. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za watu takriban milioni 2.8 nchini Denmark. Waliowahi kupata jeraha moja dogo la ubongo walikuwa na uwezekano wa asilimia 17 zaidi wa kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Yaani, pale ambapo wangeugua watu 100, waliugua 117. Wengi wa walioumia hawakuugua kamwe, kwa hivyo usikose usingizi kwa sababu ya pigo la utotoni. Lakini hatari iliongezeka kadiri majeraha yalivyozidi, na hapo ndipo penye neno. Wanamasumbwi wanalijua jambo hili tangu mwaka 1928, daktari Harrison Martland wa Marekani alipoandika juu ya mabondia waliopepesuka kama walevi.

Kwa hivyo ukigongwa kichwa uwanjani ukaona kizunguzungu, toka. Usirudi mchezoni siku hiyo, hata kocha akikasirika. Ukipanda bodaboda, vaa helmeti na ufunge kamba yake. Helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani haimlindi mtu. Kwa mzee, weka taa ya usiku, ondoa mkeka unaoteleza, na umtafutie kitu cha kushikilia bafuni.

Mtu akitapika mara kwa mara baada ya kugongwa, akipatwa na kifafa, akisinzia hata ikawa vigumu kumwamsha, au maumivu ya kichwa yakizidi, mkimbize hospitali hata kama ni usiku wa manane. Na ukifika na mzee, mwambie daktari siku aliyoanguka, hata kama ni miezi miwili imepita. Wengi husahau kulisema hilo, naye daktari akaanza kutafuta malaria.