Hotuba Juu ya Matumizi ya Fedha



Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho huvuja haba na haba vilevile. Mkopo wa simu wa M-Shwari, ulioanza mwaka 2012, ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Aliyekopa shilingi 1,000 kila mwezi alilipa ada ya shilingi 900 kwa mwaka, wala hakubakiwa na akiba. Nasi wa kamati tumo miongoni mwa hao.

Basi kila mmoja wetu na anunue daftari, aandike kila senti itokayo kwa mwezi mmoja. Mshahara ukija, kodi ya nyumba, karo na akiba vitangulie. Na jamaa akituomba tusicho nacho, tumwambie kweli. Heshima hainunuliwi kwa deni.