Sheria ya Nyumba Si Nyumba
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu Wafanyakazi,

Tumeombwa tuseme machache juu ya nyumba. Tangu Machi mwaka 2024, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu inatukata shilingi moja na nusu katika kila shilingi mia za mshahara, na mwajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Kila mkutano twaulizwa: Je, fedha hizi zitatupatia nyumba? Swali hili halitajibiwa kwa kubishana. Yafaa tuwatazame waliotutangulia. Marekani wana sheria kama hizi tangu mwaka 1937, na wafanyakazi walikuwa mstari wa mbele kuzidai. Natuone walipata nini, na walikosa nini.

Mwanzo wake ulikuwa katika vyama. Miaka ya 1930 kazi zilikuwa adimu huko, na watu wengi walishindwa kodi. Mjini Philadelphia, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya soksi kilikopa fedha kwa Serikali Kuu, yaani ile ya Washington iliyo juu ya majimbo yote, kikajenga makao 284. Yalifunguliwa mwaka 1935, yakaitwa kwa jina la Carl Mackley, kijana mfanyakazi aliyeuawa wakati wa mgomo wa mwaka 1930. Palikuwa na mahali pa kufulia, mahali pa kulea watoto, hata bwawa la kuogelea. Viongozi wa chama hicho hawakutosheka na nyumba zao peke yao. Mwaka 1934 walikuwa wamekwisha kusaidia kuanzisha baraza la wafanyakazi juu ya nyumba, na bibi mmoja, Catherine Bauer, akazunguka mji kwa mji akisema na matawi. Mwisho shirikisho kubwa la vyama, AFL, likaunga mkono. Tarehe 1 Septemba 1937 Rais Roosevelt akaitia sahihi sheria yenyewe.

Sasa sikilizeni kasoro yake, maana hapo ndipo penye fundisho. Serikali Kuu ilikubali kubeba gharama ya kujenga. Lakini taa za ngazi, mabomba, lifti na mishahara ya wafagiaji vilipwe kutokana na kodi za wapangaji, ambao waliingizwa humo kwa sababu ni maskini. Mwenye ng'ombe akijenga zizi asiweke fungu la majani, je, ng'ombe ataishi?

Mwaka 1949 ikaja sheria nyingine, wakati wa Rais Truman. Ilitangaza kwamba kila familia ya Marekani ipate nyumba njema mahali panapofaa kuishi, na ikaahidi nyumba 810,000 za umma kwa miaka 6. Miaka 6 ilipokwisha hata nusu haikufika. Wenye biashara ya nyumba waliipinga kwa nguvu, na Bunge likawa linapunguza fedha mwaka hata mwaka. Ahadi ilibaki kitabuni.

Mji wa St. Louis ulijenga majumba 33 ya orofa 11 kila moja, yakaitwa Pruitt-Igoe. Mwanzoni watu waliyafurahia. Baadaye wenye uwezo wakahama, mapato yakapungua, lifti zikasimama, mabomba yakapasuka wakati wa baridi. Kodi nayo ikapanda, hata wapangaji wengine wakatoa zaidi ya nusu ya mapato yao. Februari mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma za mji huo wakagoma kulipa. Mgomo ulidumu miezi 9. Harold Gibbons, kiongozi wa chama cha madereva wa malori, alisaidia kuupatanisha, na wapangaji wakapata sauti katika uendeshaji wa nyumba zao. Mwaka huo huo Seneta Edward Brooke akapitisha sheria kwamba mpangaji wa nyumba ya umma asilipe zaidi ya robo ya mapato yake. Mwaka 1981 Bunge likapandisha kiasi hicho kufika asilimia 30.

Kwa Pruitt-Igoe msaada ulichelewa. Kuanzia mwaka 1972 yalibomolewa kwa baruti. Wako waliosema wapangaji ndio walioyaharibu. Sisi twauliza: nani aliyeandika sheria isiyo na fedha ya fundi bomba?

Tena tusisahau ubaguzi. Tangu mwaka 1934 Serikali Kuu ilidhamini mikopo ya kununua nyumba, lakini kwa miaka mingi mitaa ya watu weusi iliachwa nje. Sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba ilitiwa sahihi tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa Martin Luther King.

Na leo? Kuna ruzuku ya kodi tangu mwaka 1974, na nafuu ya ushuru kwa wajenzi tangu mwaka 1986. Lakini sheria ya mwaka 1998 iliwekea kikomo idadi ya nyumba za umma, na katika kila familia nne zinazostahili msaada wa kodi, ni moja tu inayoupata. Nyingine zangoja.

Ndugu, hatusemi makato yakataliwe wala yapokewe kwa makofi. Twasema kila tawi liulize mambo manne. Nyumba zikijengwa, nani apewe ufunguo, na kwa orodha gani iliyo wazi? Malipo ya mwezi yatakuwa sehemu gani ya mshahara wa mfagiaji au mlinzi? Fungu la matengenezo liko wapi? Na wakaaji watakaa katika kamati, au wataitwa kusikiliza tu?

Wenzetu wa Philadelphia waliyapigania mambo haya kabla sheria haijapita, na waliokuja nyuma wakalazimika kugoma kwa yale yaliyosahauliwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi mwenye kutoa haba kila mwezi ana haki ya kukiona kibaba. Leteni maswali ya tawi lenu kwa maandishi, tuyapeleke panapohusika.

Umoja ni nguvu.