Nilidai Katiba Mpya, Nikapata Sapu ya Katiba

Leo sitaisema serikali, nitajisema mwenyewe.

Mwaka wa kwanza nilipata sapu. Ya somo gani? Sheria ya Katiba! Mimi huyu, niliyekuwa nakesha kwenye makundi ya WhatsApp nikidai Katiba Mpya. Kitabu? "Nitasoma kesho." Nasubiri mzuka. Kwenye mtihani likaja swali la kubadili Katiba, nikajibu kama nahutubia mkutano. Ibara ya 98, inayodai angalau theluthi mbili ya wabunge wote, sikuwa nimewahi kuifungua.

Likizo ile niliacha kusubiri mzuka. Simu namwachia mama jikoni, nafungua ibara moja tu, nasoma dakika 25, napumzika tano. Siku nyingine niliishia hapo hapo. Siku nyingi nikishaanza naendelea tu. Kumbe mzuka unakukuta umeshakaa kitini!

Sapu nilifaulu. Sasa wewe kamanda, una mtihani wiki ijayo na bado uko mtandaoni unabishana? Hoja yako tunaihitaji, ila ije na ibara. Leo usiku fungua ukurasa mmoja. Mapambano yaendelee!