Kivuli Hakina Mwenyewe

(Mazungumzo yaliyotolewa na mhitimu mmoja mbele ya wahitimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka hapa Ushirombo.)



Nilipoletewa barua ya kuombwa kuzungumza leo, niliambiwa nichague jambo lolote litakalowafaa wanafunzi. Wenzangu walionitangulia miaka iliyopita wamezungumza juu ya ajira, juu ya nidhamu na juu ya masomo ya sayansi. Mimi nimechagua takataka. Naona wengine mnacheka. Chekeni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho, maana mtuhumiwa wa kwanza katika habari hii ni mimi mwenyewe.

Kabla sijaendelea, niseme wazi ya kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali na kazi yangu inahusu mazingira, lakini leo sikutumwa na ofisi. Nasema kama mtoto wa hapa.

Sisi tuliosoma hapa katika miaka ya 1990, wakati Bukombe ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, tulijua njia mbili za kutoka Ushirombo. Ya kwanza ni barabara kuu, ile yenye malori yaendayo Rwanda na Burundi, ambayo kila mmoja wetu aliota kuipanda siku moja aende zake. Ya pili ni njia ya baiskeli iendayo kusini, kwenye msitu wa Kigosi. Hiyo hatukuiota. Hiyo tulikwenda kwa sababu karo ilitoka huko. Wengi waliomo ukumbini humu walisomeshwa kwa asali, hata kama leo wamevaa tai.

Mimi niliipita njia hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, likizo ya mwezi wa sita, nyuma ya baiskeli ya baba yangu mdogo. Tulibeba unga, chumvi, shoka, kamba, ndoo mbili na kibali kilichokunjwa ndani ya mfuko wa shati. Siku ya pili jioni tukafika kwenye kidimbwi kimoja chini ya miti mikubwa ya myombo, tukakuta mafiga matatu, majivu makavu na rundo la kuni zilizopangwa. Nikauliza, "Hapa ni kwa nani, baba?" Akanijibu, "Mzinga una mwenyewe. Kivuli hakina mwenyewe." Kisha akanionyesha mzinga ulioning'inia juu ya mti wa jirani, wenye alama iliyochongwa kwa kisu, akanionya nisiuguse hata kama una asali inayochuruzika. Lakini mafiga tuliyatumia, kuni tukazichoma, na siku ya kuondoka akanituma nikate nyingine za kujaza pale tulipopunguza. Hatukumfahamu aliyetuachia, na aliyezikuta zetu hakutufahamu.

Desturi hii ni ya zamani kuliko shule yetu. Mababu zetu Wasumbwa walikuwa watu wa safari. Ndio waliokwenda mpaka Katanga kufuata shaba, na Msiri aliyetawala huko mpaka mwaka 1891 alitoka katika watu wa upande huu. Misafara ya siku zile ililala katika kambi zilizoachwa na misafara iliyotangulia: ua wa miiba, vibanda vya nyasi, maji karibu. Aliyefika aliingia. Naam, ndui nayo ilipita njia hiyo hiyo pamoja na misafara, kwa hiyo msidhani wazee wote walikuwa wasafi. Lakini walijua ya kuwa mahali pa kulala msafiri hapageuzwi kuwa shamba la mtu.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka jana, mwezi wa sita, sisi wahitimu kadhaa tuliokwisha kupata unafuu wa maisha tulikubaliana kwenda kulala msituni siku mbili, tukumbuke ujana. Tulikuwa na vibali, sikatai. Tulikwenda na magari matatu, mahema, majiko ya gesi, makreti ya soda na vinywaji vingine ambavyo Mwalimu Mkuu hatapenda nivitaje mbele ya wanafunzi. Tukafika kwenye kidimbwi kile kile. Magari tukayaegesha chini ya kivuli chote. Mahema tukayasimamisha kati ya mafiga na maji. Tukafungua muziki.

Jua lilipokaribia kuzama wakaja warina asali watatu kwa baiskeli, mzee mmoja na vijana wawili. Wakasimama mbali kidogo. Tukamwamkia mzee, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba wanangu, habari za mjini?" Tukasema nzuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Karibu mzee, tusogeze gari." Naye hakuomba. Wakazunguka upande wa pili wa kidimbwi, penye tope na vichaka, wakalala huko. Usiku tuliuona moto wao mdogo, na mwenzetu mmoja akasema, "Tazameni jinsi inavyopendeza."

Tuliondoka siku ya tatu asubuhi. Baada ya mwendo wa kama nusu saa nikakumbuka nimesahau miwani, nikarudi na gari moja. Nikamkuta yule mzee ameinama mahali tulipokuwa. Alikuwa anaokota chupa zetu za plastiki, makopo yetu na mifuko yetu, na kuvitia ndani ya ndoo. Ndoo ile, ndugu zangu, ilikuwa ndoo yake ya asali.

Nikamwambia, "Mzee, acha, nitaokota mimi." Akaendelea. Kisha akasema bila kuniangalia: "Mwanangu, wakija kukagua hawataniuliza ni za nani. Watasema warina asali ni wachafu. Walipotufunga mara ya kwanza sikuwa na la kufanya. Sitaki nifungiwe mara ya pili kwa chupa ambayo sikuinywa."

Wanafunzi wengine hapa walikuwa wadogo wakati huo, kwa hiyo nieleze maana ya maneno yale. Kigosi ilikuwa pori la akiba kwa miaka mingi, na watu wetu waliingia kwa vibali vya msimu. Mwaka 2019 ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kurina asali. Mizinga ikabaki juu ya miti na wenyewe wakabaki nyumbani. Mwaka 2023 Bunge liliridhia hadhi hiyo ifutwe, eneo likawa hifadhi ya msitu na nyuki, na watu wakarudi. Sitaki kuingia katika mabishano ya nani alikuwa na haki. Wapo waliosema msitu ulikuwa unaharibiwa, na kwa hakika sehemu nyingine ulikuwa unaharibiwa. Ninachosema ni kwamba mlango huo umefungwa na kufunguliwa mbele ya macho yetu, na anayeumia unapofungwa si mimi mwenye mshahara. Mimi nikikosa kulala Kigosi nitalala nyumba ya wageni. Yule mzee akikosa, mjukuu wake hatakuja shule hii.

Kwa ajili hiyo naomba mnivumilie nieleze kidogo habari ya taka zenyewe, maana hata mimi niliyesoma Chuo Kikuu nilikuwa nimezizoea bila kuzifikiri.

Sabuni ndiyo ya kwanza, na ndiyo isiyoonekana. Nyuki hunywa maji. Wakati wa kiangazi, vidimbwi vikipungua, nyuki wa eneo kubwa hutegemea kidimbwi kimoja. Sasa kila mtu anajua ya kuwa nyuki waliovamia nyumba wakimwagiwa maji ya sabuni hufa. Sabuni huwalowesha na kuziba matundu yao ya kupumulia. Halafu mtu huyo huyo anaingia kidimbwini na kipande cha sabuni, anafua, anaosha sufuria, kisha anashangaa mizinga ya jirani kupungua nguvu. Chota maji kwa ndoo, nenda hatua mia kutoka ukingoni, oga huko, mwaga huko. Ardhi itayachuja. Na choo ni hivyo hivyo: hatua mia au zaidi, shimo la kina cha kiganja na vidole vyake, kisha fukia. Sipendi kuzungumzia hili wakati wa chakula, lakini kuna anayekinga maji ya ugali pale pale.

Plastiki haiozi. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017 na mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na msitu ulipata nafuu. Ila chupa za maji zimebaki. Wengine hufukia. Nyegere, ambaye ni mrinaji stadi kuliko sisi sote, na nguruwe pori na fisi hufukua kila kinachonukia chakula, na mvua ya kwanza humalizia kazi. Wengine huchoma. Plastiki ikichomwa hutoa moshi wenye sumu, na anayeipulizia mizinga moshi wa namna hiyo asitafute mnunuzi wa asali yake. Hakuna njia nyingine: ulichoingia nacho toka nacho. Chupa tupu ni nyepesi kuliko ilivyokuwa imejaa, na hapo ndipo visingizio vyote huanguka. Betri kuukuu na hizi tochi za kuchaji zinazokufa baada ya miezi miwili nazo zirudi mjini. Zina madini yasiyofaa kuingia majini.

Masega yaliyokamuliwa ni jambo jingine, na hapa nawalaumu wazee wetu kidogo. Wengi walikamua asali na kutupa masega kambini. Kumbe nta ni mali, na nchi hii imeiuza ng'ambo tangu enzi za Wajerumani. Masega yaliyotupwa huleta siafu, huwavuta nyuki wa kila upande wakapigana juu ya makombo, na kuwafanya wakali kwa kila atakayelala pale baadaye. Yayeyushe katika maji ya moto, chuja kwa kitambaa, rudi na nta. Kijana mwenye akili angeweza kulipa mchango wa shule kwa kile ambacho kambi moja inatupa.

Na maji haya hayaishii Kigosi. Yanaingia Moyowosi, yanaingia Malagarasi, yanaishia Ziwa Tanganyika. Bonde hilo liliandikishwa mwaka 2000 katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, likiwa la kwanza katika Tanzania. Kwa hiyo sabuni ya Ushirombo ina safari ndefu.

Kuna wanaosema dawa ni kuweka ada kubwa na walinzi. Kule Mlima Kilimanjaro mgeni hulipa, na taka za msafara wake hupimwa kwa mizani ili zisibaki mlimani. Ni utaratibu mzuri, kwa Kilimanjaro. Lakini ukiuleta kwenye kidimbwi chetu, ada hiyo tutaimudu sisi wenye magari, tuliochafua, na yule mwenye baiskeli, aliyeokota, atabaki nje. Kwa maoni yangu hiyo si haki, na nimeisema hivyo hivyo ofisini, ingawa si wote walionikubali.

Tena kuna uchafu usiookoteka. Safari ile ile niliona mti mmoja karibu na maji umepigiliwa kibao chenye jina la mtu, kana kwamba ni kiwanja. Mtu aliondoka, akaacha jina lake lilinde kivuli mpaka atakaporudi msimu ujao. Kibali cha kuingia msituni si hati ya ardhi. Anayefika kwanza apike kwanza, sawa. Lakini anayefika wa pili asilale topeni eti kwa sababu wa kwanza ana gari refu. Anayefika usiku asifukuzwe. Maji yasizibwe na hema. Na msimu ukipamba moto, aliyekwisha kurina afunge mizigo awapishe wengine.

Yule mzee nilimsaidia kuokota. Ilituchukua karibu saa nzima, na gunia likajaa. Nilimwomba msamaha, akasema, "Yamekwisha, mwanangu," kisha akaniuliza nilisoma wapi. Nikamtajia shule hii. Akasema mjukuu wake yumo humu, kidato cha tatu. Sitamtaja, wala sijui kama ananisikiliza.

Sasa Mwalimu Mkuu amenieleza ya kuwa kidato cha tatu wana safari ya mafunzo huko huko mwezi ujao, na kamati yetu ya wahitimu imeombwa magari. Tumekubali kutoa mawili. Nimemwomba Mwenyekiti, naye ameridhia, kwamba magari yaegeshwe mbali na kidimbwi, juani, na kila gari libebe magunia sita ya sandarusi, jembe moja na mizani ya kupimia magunia yatakaporudi. Uzito utaandikwa katika gazeti hili, toleo lijalo, pamoja na wetu wa mwaka jana, ambao ni kilo kumi na nne. Wahitimu wanaotaka kufuatana nasi wajiandikishe kwa katibu kabla hawajaondoka leo. Makreti hayatabebwa.