Fuga Njiwa, Linda Mapafu

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari kuhusu ufugaji wa ndege nyumbani

 

Najua mlipoambiwa kuna mgeni wa mambo ya afya, wengi mlidhani nitazungumzia UKIMWI na mimba za utotoni. Hayo tutayarudia siku nyingine. Leo nataka tuzungumze kuhusu njiwa. Ndiyo, njiwa! Wale wanaolia juu ya bati alfajiri wakati wewe bado unataka kulala.

Hebu wanaofuga njiwa wanyooshe mikono. Mnaona? Ni wengi. Na wengine hamfugi wenyewe, lakini kaka au mjomba anafuga, au jirani ana njiwa wanaokuja kuokota mchele uani kwenu. Kwa hiyo mada hii inatuhusu karibu wote.

Niseme mapema ili tuelewane: sikuja kuwaambia mchinje njiwa wenu. Kufuga ndege ni jambo zuri. Kijana anayeamka mapema kubadilisha maji ya njiwa kabla ya kwenda shule anajifunza kutunza kiumbe kinachomtegemea. Tena mtaji wake si mkubwa. Ninachotaka mwondoke nacho ni kimoja tu: vumbi la njiwa linaweza kuumiza mapafu, na kinga yake ni maji, sabuni, na banda lililo mbali na kitanda chako.

MJUE NJIWA WAKO

Njiwa wa kufugwa, ambao wengine huwaita njiwa manga, asili yao ni njiwa mwitu wanaoishi kwenye majabali. Ndiyo maana wanapenda kukaa chini ya mapaa na kwenye kingo za madirisha ya maghorofa. Kwao ukuta ni jabali.

Kwa kawaida jike hutaga mayai mawili. Yanaatamiwa kwa siku 17 au 18, na hapa akina kaka sikilizeni vizuri: dume naye huatamia! Jike hukaa usiku kucha, dume anashika zamu mchana. Makinda wakishaanguliwa, baba na mama wote wawili huwalisha chakula laini kama maziwa mazito, kinachotengenezwa kwenye kifuko cha chakula kilichoko shingoni.

Njiwa mkubwa hula kama gramu 30 za nafaka kwa siku. Mchanganyie mtama, uwele, chenga za mahindi na kunde au choroko kidogo. Mahindi yenye ukungu usimpe, hata kama umepewa bure. Kwa kuwa hana meno, anahitaji changarawe ndogo ndogo za kumsaidia kusaga chakula tumboni. Maji ya kunywa yabadilishwe kila siku. Mara moja au mbili kwa wiki mtegee beseni la maji aoge, maana njiwa anapenda kuoga kuliko baadhi yetu.

Ukinunua njiwa wapya, wafungie bandani wiki tatu au nne wapazoee. Ukiwaachia kesho yake, watarudi walikotoka na pesa yako imekwenda.

VUMBI LINAFANYA NINI?

Sasa tuje kwenye kinyesi. Kinyesi cha njiwa kikikauka hugeuka unga. Ukifagia kwa ufagio mkavu, unga ule pamoja na vumbi la manyoya hupanda hewani, nawe unauvuta. Mambo matatu yanaweza kutokea.

La kwanza ni mapafu kukataa vumbi hilo. Huu si ugonjwa wa kuambukizwa. Ni kinga ya mwili wako wenyewe inayopambana na vumbi kupita kiasi. Saa chache baada ya kusafisha banda unapata kikohozi kikavu, kifua kinabana, homa inapanda na mwili unachoka. Baada ya siku moja au mbili unajisikia vizuri, unasahau. Ukisafisha tena, hali inarudi. Mtu akiendelea hivyo kwa miezi na miaka, mapafu yanaweza kuota makovu, na makovu hayo hayaondoki. Unamkuta kijana anapanda ngazi chache tu, anahema.

La pili ni homa ya kasuku. Hii inaletwa na bakteria wa jamii ya klamidia. Naona mmeguna! Ndiyo, ni ndugu wa klamidia ile ya magonjwa ya zinaa, lakini si yule yule, na huyu hapatikani kwa kujamiiana. Anaingia kwa kuvuta vumbi la kinyesi au manyoya ya ndege aliyeambukizwa. Kasuku ndiye aliyepewa jina, lakini njiwa pia wanaweza kuwa nao. Mwaka 1929 na 1930 ugonjwa huu ulienea Ulaya na Marekani kupitia kasuku waliotolewa Amerika ya Kusini kwenda kuuzwa kama ndege wa nyumbani, na watu walikufa. Siku hizi unatibika kwa antibiotiki. Shida ni kwamba dalili zake, yaani homa, kichwa kuuma, misuli kuuma na kikohozi kikavu, zinafanana na za magonjwa mengi tunayoyajua, malaria ikiwemo.

La tatu ni fangasi waitwao kriptokokasi. Mwaka 1955 mtaalamu wa fangasi wa Marekani, Chester Emmons, alionyesha kwamba fangasi hao wanaishi kwenye vinyesi vya njiwa. Njiwa mwenyewe kwa kawaida haugui, kwa sababu joto la mwili wake ni kama nyuzi 41 au 42, na joto hilo linawashinda. Watu wengi wenye afya nzuri huwavuta bila kuugua. Lakini mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, kwa mfano mwenye VVU ambaye hajaanza dawa au ameziacha, anaweza kupata homa ya uti wa mgongo. Kichwa kinauma siku nyingi mfululizo, anatapika, shingo inakakamaa, anachanganyikiwa. Asipotibiwa anakufa. Ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mwingine, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbia mgonjwa.

Tafadhali tusielewane vibaya hapa. Sikutumi ukaanze kuchunguza nani nyumbani ana VVU. Huna haja ya kujua. Wewe safisha kama vile kila mtu pale anahitaji kulindwa, kwa sababu ndivyo ilivyo. Kuna bibi mwenye kisukari, kuna mdogo wako mwenye pumu, kuna mtoto mchanga. Na kama ni wewe mwenyewe unaishi na VVU, endelea na dawa zako kila siku na kazi ya kusafisha banda mwachie mwingine. Njiwa wako watabaki kuwa wako hata kama ufagio umeshikwa na kaka yako.

KANUNI SITA ZA BANDA

1. Banda liwe nje, juu ya nguzo, mbali na madirisha ya vyumba vya kulala na jiko. Zungushia nguzo kipande cha bati ili paka asiweze kupanda. Najua wengine mnaingiza maboksi ya njiwa ndani usiku, mnayaweka chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Jamani! Hapo unalala saa nane ukivuta vumbi lile lile. Nunua kufuli ya banda.

2. Lowesha kabla ya kusafisha. Nyunyiza maji ya sabuni, subiri dakika kama kumi, halafu kwangua. Usifagie kikavu kamwe. Fanya hivyo angalau mara moja kwa wiki, kinyesi kisipate muda wa kurundikana. Kilichokwanguliwa kifukie kwenye shimo la mboji kikiwa bado kibichi.

3. Vaa barakoa inayobana vizuri puani na mdomoni. Leso au khanga uliyojifunga usoni haizuii vumbi laini. Uwe na nguo za kazi ya banda tu, na ukimaliza zivue nje.

4. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomshika ndege au kugusa banda. Vyombo vya njiwa visioshwe kwenye karai la vyombo vya kula.

5. Usimlishe kinda kwa mdomo wako. Najua ujanja wa kutafuna mahindi na kumwachia kinda adonoe midomoni. Unapendeza kutazama, lakini acha. Ponda nafaka, loweka, mlishe kwa mkono, kisha rudi kanuni ya nne.

6. Angalia bati na tangi. Kama nyumbani mnakinga maji ya mvua na njiwa wanashinda juu ya paa, mvua ya kwanza inasomba kinyesi chote hadi kwenye tangi. Kinyesi hicho kinaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Acheni maji ya mwanzo yamwagike, funikeni tangi, na chemsheni maji ya kunywa.

NJIWA AKIUGUA

Njiwa anayepinda shingo na kuzunguka pale pale huenda ana virusi vya jamii ya mdondo, ule unaomaliza kuku. Mwenye vinundu machoni na kwenye mdomo huenda ana ndui, ambayo huenezwa na mbu. Mtenge haraka na wenzake, halafu mwone afisa mifugo wa kata. Mkiona ndege wengi wamekufa kwa ghafla, msiwaguse kwa mikono mitupu wala msiwale, toeni taarifa.

Na jambo moja linaniudhi: kumpa njiwa kapsuli za rangi mbili zilizobaki kabatini. Dawa ikitumika ovyo, bakteria wanajenga usugu. Siku ukiugua wewe, dawa ile ile haikusaidii.

Pia, tunaposema ndege wa kufuga hatusemi ndege wa kutega porini. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa. Kasuku wa kijivu amewindwa sana kwa ajili ya biashara, hadi mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ilipigwa marufuku. Njiwa wa bandani amezaliwa mikononi mwa watu. Fuga huyo.

MWAMBIE DAKTARI

Nimalizie na jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko yote. Wapo vijana wanaoficha kikohozi kwa sababu wanaogopa baba akisikia atauza njiwa wote. Mwanafunzi anakohoa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, anasema "ni mafua tu." Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu. Usijipe jibu mwenyewe kwamba ni njiwa, na usijipe jibu kwamba si njiwa. Ukifika kwa daktari, mwambie maneno mawili: "Nafuga njiwa." Asipoambiwa hawezi kujua, kwa sababu hujaja na banda lako hospitali. Maneno hayo mawili yanaweza kumfanya apime kitu ambacho asingekifikiria.

Na kwa baba, zungumza naye kabla ya kuugua. Mwonyeshe banda limehamishwa, barakoa imetundikwa, sabuni ipo. Mzazi anayeona mtoto wake anafuga kwa utaratibu, ni vigumu kumnyang'anya njiwa.

Basi, kazi ya nyumbani: Jumamosi hii kila mfugaji apime kwa hatua umbali kutoka banda lake hadi kitanda chake. Zikiwa chache, atafute wenzake wawili wamsaidie kulihamisha. Lakini kabla ya kuligusa, leteni maji.

 Sasa maswali!